Umeme wa Mbali: Tujue Kuishi Chini ya Nyaya Kubwa

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayesoma ukurasa huu wakati sombe iko motoni, safari hii hatutasema juu ya kofia wala viatu vya kazi. Tutasema juu ya kitu ambacho wengi wetu hapa Baraka na Fizi hatujazoea kukiona kikipita juu ya mashamba: njia kubwa ya umeme, ile ya minara ya chuma na nyaya nene, inayotoka mbali na kwenda mbali.

Utauliza: mbona tufundishwe juu ya kitu kisichopo kwetu? Sababu ni hiyohiyo. Mtoto wa Kolwezi amezaliwa akaikuta minara. Mama yake alimkataza kuipanda tangu alipoanza kutembea. Sisi hatuna malezi hayo. Tena, njia ya umeme hujengwa polepole. Nyaya zinaweza kulala miezi mingi bila kitu ndani yake, watoto wakibembea kwenye miguu ya minara na mbuzi wakijikuna hapo. Kisha siku moja mtu katika kituo cha mbali anafunga swichi. Waya ni uleule, rangi ni ileile, hakuna moshi wala kelele ya maana, na tangu dakika hiyo kuukaribia ni kufa. Anayengoja siku hiyo ndipo aanze kujifunza amechelewa.

MAZUTI HULETWA, MAPOROMOKO HAYALETWI

Kwanza tuelewe kwa nini umeme utoke mbali. Leo katika wilaya yetu, anayetaka mashine izunguke usiku hununua mazuti. Mapipa hupanda merikebu, huvuka ziwa, hupakiwa kwenye lori, hupanda milima hadi Fizi na Misisi. Grupu la umeme hula karibu lita 0.3 ya mazuti kwa kila kilowati-saa. Fanya hesabu: mashine ya kilowati 100 inayofanya kazi mchana na usiku hunywa zaidi ya lita 700, yaani mapipa matatu na nusu ya lita 200, kila siku. Barabara ikikatika kwa mvua, au vita ikifunga njia, mashine husimama. Pampu ya shimo nayo husimama, na maji hayangoji.

Nguvu ya maji ni kinyume chake. Hainunuliwi kila siku wala haitoi moshi, na mvua ikinyesha inarudi yenyewe. Lakini ina ukaidi mmoja: haihami. Mazuti unaweza kuyaita yaje ulipo. Maporomoko yanakaa pale Mungu alipoyaweka, na wewe ndiwe unayepaswa kupeleka waya.

Tazama nchi yetu ya Kivu. Mto Ruzizi unatoka ziwa Kivu pale Bukavu, mita kama 1,460 juu ya usawa wa bahari, na kuingia ziwa Tanganyika upande wa Uvira na Bujumbura, mita kama 770. Katika mwendo usiofika kilometa 120 maji yanateremka karibu mita 700. Wabelgiji waliona faida hiyo. Mtambo wa Ruzizi ya kwanza, wa megawati karibu 30, ulianza kazi mwishoni mwa miaka ya 1950. Ruzizi ya pili ilifunguliwa mwaka 1989, nayo ni mali ya nchi tatu pamoja, Kongo, Rwanda na Burundi, chini ya shirika la SINELAC. Mtambo wa tatu, wa megawati 206, umepangwa na nchi hizohizo kwa muda mrefu. Umeme wa bonde hilo unafika Uvira. Kutoka Uvira kuja Baraka, kupitia Makobola, Swima, Mboko na Lusenda, ni mwendo unaopungua kilometa 100 kwa kandokando ya ziwa.

Upande wa kusini, ng'ambo ya mpaka wetu na jimbo la Tanganyika, kuna Bendera, mtambo uliojengwa juu ya mto Kyimbi nyakati zilezile za Wabelgiji ili kupeleka umeme Kalemie. Wazee wa Fizi wanalijua jina hilo kwa sababu nyingine. Mwezi wa Juni 1965 wapiganaji waliokuwa na kambi katika milima yetu, pamoja na Wakuba walioletwa na Ernesto Guevara, walikwenda kuushambulia, wakashindwa. Tunalitaja jambo hili kwa sababu linaonyesha kitu: nyumba ya mashine inaweza kulindwa na askari, lakini nani atalinda kila mguu wa mnara wa njia inayopita kilometa mia? Njia ndefu inalindwa na watu wanaokaa chini yake, au hailindwi na mtu.

Basi sisi tuko katikati, maji ya Ruzizi kaskazini na maji ya Kyimbi kusini, tukinunua mazuti. Si Kongo peke yake inayojua taabu ya namna hii. Kule Kenya, karibu na ziwa Turkana, walisimamisha mashine 365 za kuvuta nguvu ya upepo, megawati 310 kwa jumla. Zilikuwa tayari mwaka 2017. Lakini njia ya kuutoa umeme, yenye kilometa zaidi ya 400 hadi Suswa, haikuwa imekwisha. Upepo ulivuma juu ya mashine zilizokaa bure hadi Septemba 2018, na serikali ilipaswa kulipa fidia kwa umeme ambao hakuna aliyeutumia. Mashine bila waya ni kama mavuno mengi ya mihogo mahali pasipo na njia.

Miaka michache baadaye, mwishoni mwa 2022, Kenya hiyohiyo ilianza kupokea umeme wa maji kutoka Ethiopia kwa njia inayozidi kilometa 1,000. Umbali peke yake hauzuii kitu, mradi waya uwepo.

KWA NINI NGUVU IWE KUBWA HIVYO

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu, nakuomba usome polepole.

Umeme unaposafiri ndani ya waya, waya unapata joto. Joto hilo ni umeme uliopotea. Kadiri mkondo unavyokuwa mnene, ndivyo hasara inavyozidi, na inazidi kwa ukali: mkondo ukiwa mara mbili, hasara inakuwa mara nne, mkondo ukiwa mara kumi, hasara inakuwa mara mia. Mafundi walipata dawa yake zamani. Mzigo uleule wa umeme unaweza kubebwa kwa mkondo mdogo ikiwa msukumo wake, yaani volti, utapandishwa. Fikiria maji katika bomba: ukiyasukuma kwa nguvu, bomba jembamba linatosha.

Tuchukue mfano wa kwetu. Tuseme tunataka kuleta megawati 5 Baraka kutoka kilometa 100, kwa waya wa aluminiamu ambao kila kilometa ina ukinzani wa omu 0.2. Tukizituma kwa kilovolti 11, kama zile nyaya za poto zinazozunguka ndani ya miji, zaidi ya megawati 4 zitakuwa joto njiani. Baraka itapata chini ya moja. Tukizituma kwa kilovolti 110, mara kumi zaidi, hasara itakuwa kilowati kama 40 tu, kitu ambacho mtu hatakisikia. Waya uleule, mzigo uleule, umbali uleule.

Ndiyo maana njia ndefu inadai volti nyingi. Njia iliyojengwa kutoka Inga hadi Kolwezi, ikaanza kazi mwaka 1982 wakati nchi ilipoitwa Zaire, ina urefu wa kilometa kama 1,700 na inabeba kilovolti 500. Na sasa elewa matokeo yake, maana ndilo neno tunalotaka ulishike: ile nguvu inayouwezesha umeme kutufikia kutoka mbali ndiyo ileile inayoufanya uue bila kuguswa. Umeme wa nyumbani, volti 220, hukamata mtu aliyeugusa. Umeme wa kilovolti 110 unaruka hewani na kumfuata aliyeusogelea. Huna haja ya kuushika. Ukiinua fito ndefu, bomba, au bati karibu nao, unamjengea daraja.

Tena ujue kwamba waya wa njia kubwa uko uchi. Hauna mpira kama waya wa taa. Kinga yake ni hewa inayouzunguka na zile sahani za kioo au za udongo mgumu zinazoning'inia kwenye minara. Sahani hizo zinaweza hata kukufundisha kusoma: njia ya kilovolti 110 kwa kawaida ina sahani saba au nane zilizofuatana, na kamba ya sahani ikiwa ndefu zaidi, volti nazo ni nyingi zaidi. Mtoto anayezipiga kwa manati anavunja kizuizi kati ya umeme na chuma cha mnara.

Na ndege? Swali hili watoto huuliza kila mara, nalo ni swali zuri. Ndege anakaa juu ya waya mmoja, miguu yake yote miwili iko mahali pamoja pa msukumo uleule, na hagusi ardhi. Umeme hauna sababu ya kupita ndani yake. Wewe umesimama juu ya ardhi, na umeme daima unatafuta ardhi.

SOKO LA MATADI-KIBALA

Tarehe 2 Februari 2022, asubuhi, waya wa umeme mkubwa ulikatika na kuanguka juu ya soko la Matadi-Kibala, pembezoni mwa Kinshasa. Mvua ilikuwa imenyesha na maji yalikuwa yamejaa mitaroni. Watu 26 walikufa. Wengi wao walikuwa mama waliokuja kuuza na kununua chakula cha siku hiyo.

Wengi wao hawakuguswa na waya wenyewe. Umeme ulipita katika maji na katika ardhi yenye unyevu. Hao mama hawakupanda mnara, hawakuiba kitu. Kosa lilikuwa la mahali: soko lilikuwa limekua chini ya nyaya, mwaka baada ya mwaka, kwa sababu ardhi ile ilikuwa wazi na haina nyumba. Ardhi ya chini ya nyaya huvutia hivyo. Ni pana, ni safi, hakuna anayeifukuzia. Mtu wa kwanza anaweka meza ya ndakala, wa pili anaweka mawese, baada ya miaka mitano ni soko.

Kwa hiyo tunasema mapema, kabla ya poto ya kwanza. Ukanda wa njia ya umeme hauna mwenyewe wa kujenga. Kenya, kwa mfano, huacha mita 30 kwa njia ya kilovolti 132 na mita 60 kwa ile ya kilovolti 400. Ndani ya ukanda huo usijenge nyumba, kanisa, msikiti, shule, wala kibanda cha soko, hata kama chifu au afisa fulani amekuuzia kiwanja na kukupa karatasi yenye muhuri. Muhuri hauzuii umeme. Unaweza kulima mihogo, mahindi, maharage na viazi, mazao yasiyopanda juu. Usipande mchikichi, mwembe wala mkalitusi. Na kwa kuwa familia nyingi za hapa zinaishi kwa mawese, nasema tena juu ya mchikichi: ule mti ulioachwa na babu pembeni ya ukanda, unaovunwa kwa fito yenye kisu kichwani, ni wa hatari kuliko mti mwingine wowote shambani. Ukatwe, na fidia yake idaiwe kwa maandishi kabla haujakatwa, kila mti ukihesabiwa mbele ya mashahidi.

Usichome nyasi chini ya nyaya wakati wa kiangazi. Moshi mzito na miali ya moto hupunguza kinga ya hewa, na umeme unaweza kushuka kupitia humo hadi ardhini. Usianike nguo kwenye waya wa chuma uliovutwa sambamba na njia. Hata bila kugusana, chuma kirefu kilicho chini ya njia kubwa kinaweza kuchukua umeme na kukurusha. Madereva wa malori ya kampuni yenye mikono ya kuinulia, na ninyi mnaosafirisha mabomba marefu: acheni mita 5 kati ya chuma chenu na waya, wala msikadirie peke yenu. Mmoja ashuke, asimame mbali, aelekeze.

WAYA UKIANGUKA

Wakazi wa miji yetu yenye umeme wana desturi mbaya iliyozaliwa na shida. Umeme hukatika mara nyingi mno, hata watu wanaona kukatika ndiyo hali ya kawaida. Waya ukianguka, mtu anatazama taa za mtaa, anaziona zimezimika, anasema: kuran imekwenda, hakuna kitu. Anauvuta waya kando apite na piki yake. Ndugu, mitambo mingi imewekewa chombo kinachojaribu kuurudisha umeme chenyewe baada ya sekunde chache. Kikishindwa, fundi wa mbali asiyekuona anaweza kujaribu tena. Waya ulioanguka uhesabu kuwa uko hai mpaka watu wa SNEL wafike na wafunge waya wa ardhi mbele ya macho yako.

Kaa mbali, mita 10 au zaidi, na mvua ikiwa imenyesha zidisha. Weka watu wa kuzuia njia pande zote mbili. Ng'ombe na mbuzi wazuiwe pia; ng'ombe hufa upesi kuliko mtu, kwa sababu miguu yake ya mbele iko mbali na ya nyuma.

Jambo hilo la miguu lastahili maelezo. Umeme ukimwagika ardhini unakuwa na nguvu sana pale waya ulipogusa, na unapungua kadiri unavyotawanyika, kama mawimbi ya jiwe lililotupwa ziwani. Ukipiga hatua ndefu, mguu mmoja unakuwa penye nguvu nyingi na mwingine penye nguvu kidogo, nao umeme unapita katikati, ndani ya mwili wako. Basi ukijikuta karibu na waya ulioanguka, usikimbie. Bana miguu pamoja, uondoke kwa kuburuta nyayo kidogo kidogo, kisigino kisipite kidole cha mguu wa pili, mpaka ufike mbali. Yaonekana kama mchezo wa watoto. Wafundishe watoto kweli kama mchezo, uani, wajizoeze.

Ukiwa ndani ya gari na waya umeangukia juu ya gari, baki ndani. Waambie walio nje wasikaribie. Gari likishika moto tu ndipo utoke, na utoke kwa kuruka, miguu pamoja, bila kushika gari na ardhi kwa wakati mmoja. Anayeshuka kwa desturi, mkono mlangoni na mguu chini, anakufa.

JUU YA VYUMA VYA MINARA

Kuna habari tusiyopenda kuiandika. Kwenye njia ya Inga hadi Kolwezi watu wamekuwa wakifungua vyuma vya minara, vile vipande vya pembe vinavyoshika miguu, wakavifanya vitanda, milango na mikokoteni. Mnara unasimama mwaka, miwili, kisha upepo mmoja unauangusha na migodi ya mbali inakosa umeme.

Yafaa tuseme ukweli wote. Vijiji vingi vilivyo chini ya njia hiyo vimekaa gizani tangu 1982. Njia ile inabeba umeme wa mkondo mmoja, na umeme wa namna hiyo hauwezi kuchotwa katikati bila kituo kikubwa cha kuugeuza, chenye gharama nyingi. Vituo viliwekwa Inga na Kolwezi, kwa ajili ya shaba. Mtu ambaye umeme unapita juu ya kichwa chake miaka arobaini bila kumwachia hata taa moja ya kujifungulia mama, huyo hajisikii kuwa mlinzi wa mnara. Hatuhalalishi wizi. Tunasema tu kwamba usalama wa njia huanza na mpango wake.

Kwa hiyo siku wapimaji watakapokuja na vigingi vyao, swali la wakazi wa Fizi na Baraka lisiishie kwenye fidia. Waulizeni: kituo cha transfoma kitakuwa wapi? Njia ya kawaida, ya mkondo wa kubadilika-badilika, inaweza kuchotwa mahali inapopita ikiwa kituo kimepangwa tangu mwanzo. Njia inayopita Mboko kwenda mgodini haimaanishi kwamba Mboko ina umeme. Hospitali Kuu ya Baraka, kisima chenye pampu, shule ya jioni, mashine ya kusaga mihogo: yawe katika mchoro kabla ya mnara wa kwanza.

Wako wanaosema tusingoje njia ndefu, tujenge mitambo midogo juu ya mito yetu kama Mutambala, tuweke na sahani za jua juu ya mabati. Wana haki, na anayeweza afanye leo. Ila mto mdogo hunywea wakati wa kiangazi, na jua huzama jioni, saa ileile ambayo zamu ya usiku inashuka shimoni ikihitaji hewa na pampu. Mitambo midogo ikiunganishwa na njia kubwa, mmoja humsaidia mwenzake. Ikikaa peke yake, kila mmoja hurudi kwenye mazuti.

Na kwa kuwa mazuti bado yako nasi, tuwakumbushe ninyi mnaochimba huko Misisi na Lubichako, na ndugu zenu wanaowafuata. Grupu na motopompu havishuki shimoni, wala havikai mdomoni mwa shimo, wala ndani ya nyumba mnamolala. Moshi wao una hewa ya sumu isiyo na harufu. Kichwa kinauma, miguu inalegea, mtu anaona usingizi, hatoki tena. Anayeshuka kumwokoa bila kuzima mashine na bila kungoja hewa safi humfuata.

MTU AKIPIGWA NA UMEME

Usimshike. Nyumbani, zima kwanza swichi kubwa ya mita. Ukishindwa, msukume atoke kwenye waya kwa mti mkavu kabisa, wewe mwenyewe ukisimama juu ya ubao mkavu. Lakini sheria hiyo ya mti mkavu ni ya umeme wa nyumbani peke yake. Kwa njia kubwa mti mkavu haukukingi. Hapo ni kungoja umeme ukatwe, hata kama aliyelala pale ni mtoto wako. Twajua ni neno gumu. Katika ajali za namna hii mara nyingi maiti ya pili ni ya aliyekimbilia ya kwanza.

Akishatoka katika hatari, mwite, mtikise bega. Kama hajibu na hapumui sawasawa, mlaze chali penye ugumu. Weka viganja viwili, kimoja juu ya kingine, katikati ya kifua, ubonyeze kwa nguvu, kifua kishuke sentimita 5, kiachwe kipande, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Aliyejifunza kupuliza hewa mdomoni afanye hivyo mara 2 baada ya kila mibonyezo 30. Asiyejifunza abonyeze tu bila kusimama. Mpokezane, maana kazi hii huchosha kuliko kupiga sururu. Moyo uliosimamishwa na umeme mara nyingi ni moyo wa mtu mwenye afya. Usimkatie tamaa upesi.

Pale alipoungua, mwagia maji safi ya baridi ya kawaida kwa dakika 20, kisha funika kwa kitambaa safi. Mawese, dawa ya meno, majivu na udongo visitumike. Ngozi inaweza kuonyesha kidonda kidogo kama shilingi mahali umeme ulipoingia na kingine ulipotokea, na katikati, ndani kwa ndani, nyama ikawa imeungua. Kwa hiyo hata anayesimama akicheka na kusema hana kitu apelekwe hospitali siku hiyohiyo, moyo wake uangaliwe. Mwambie mganga alishika nini, kwa saa ngapi, alianguka kutoka wapi. Mkojo ukigeuka rangi ya chai nzito, sema mara moja, figo ziko hatarini. Na mama mjamzito, hata kama alirushwa kidogo tu na waya wa taa, asilale nyumbani usiku huo kabla mkunga hajausikiliza moyo wa mtoto.